Dispensari ya Zamani na saruji za wapangaji

Ndugu Mhariri,

Wageni wanaopita Mizingani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, huonyeshwa lile jumba la roshani za mbao na vioo vya rangi, wakaambiwa Tharia Topan alijenga hospitali. Ni nusu ya ukweli. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, mwaka wa yubilei ya Malkia Victoria, na nia ilikuwa hospitali kweli. Lakini tajiri huyo, aliyewahi kushika forodha ya Sultan, alifariki India 1891, na mjane wake ndiye aliyelimaliza 1894. Mwaka 1900 liliuzwa. Chini ikawekwa dispensari ya hisani, juu wakakaa wapangaji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilichakaa vibaya, hadi taasisi ya Aga Khan ilipolikarabati miaka ya 1990. Leo lina ofisi.

Na ofisi zina tabia zake, si hapo tu bali katika majumba yote ya kale mjini. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hukwama, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya masika machache lipu huvimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Mpangaji huita fundi, fundi huongeza saruji! Inayotakiwa ni kubandua yote mpaka jiwe, ukuta ukauke, kisha chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa: ndoo moja kwa tatu za mchanga usio wa pwani. Ipigwe kwa tabaka nyembamba, ikinyunyiziwa maji isije ikakauka haraka na kupasuka.

Mpira wa maji wa kiyoyozi nao usiachwe ukichuruzika ukutani. Pale pale ndipo vichwa vya boriti vilipozikwa, na boriti huanza kuoza kichwani, ndani ya ukuta, huku katikati ikionekana nzima. Tena, kwa kuwa uzito wa katikati ndio unaoipinda boriti zaidi, makabati ya mafaili yapangwe kandokando ya kuta zinazobeba boriti, kamwe si katikati ya chumba.

Tunaiomba Mamlaka ya Mji Mkongwe ihakikishe masharti haya yameandikwa katika kila mkataba wa pango wa ofisi, na mkaguzi apite kabla ya masika, wakati paa na mifereji bado vinatengenezeka kwa gharama ndogo.

Wapenzi wa majengo ya kale,
Unguja