Majani makavu yana kosa gani?

Mhariri, salamu. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa bustani ndo huwa naanza nao kabla hata ya michezo, sasa ile makala ya juzi ya kupendezesha uwanja wa nyumba imenikera kidogo, manake mwandishi kaeleza vizuri kabisa mambo ya maua na vivuli halafu mwishoni anasema majani makavu yafagiliwe yote, yakusanywe kona moja yachomwe ili bustani ipumue. Ipumue nini jamani, moshi?

Hebu tuangalie kinachoungua pale. Jani likidondoka bado lina kaboni, naitrojeni, fosforasi, potasiamu, vitu ambavyo mti umehangaika kuvipata hewani na ardhini miezi yote hiyo. Ukiliwasha, kaboni na naitrojeni karibu yote inapaa, unabakiwa na jivu lenye kalisi na potasiamu, na jivu nalo likizidi sehemu moja mimea haistawi hapo. Baadae mtu huyohuyo anaenda dukani kununua mfuko wa mbolea ya naitrojeni! Anachoma ya bure ananunua ya hela, na akizidisha, mvua inaisomba mpaka mtoni inanenepesha mwani, mwani ukifa na kuoza samaki wanakosa oksijeni.

Mi yangu nayatandaza chini ya miti na kwenye maua, unene sentimita 5 mpaka 8 hivi. Udongo haupigwi na jua moja kwa moja, unyevu unakaa kwahiyo mpira wa maji naushika mara chache, magugu yanakosa mwanga, na minyoo inapanda yenyewe kuyavuta chini, kazi ya jembe hiyo nafanyiwa. Ila msirundike kwenye shina lenyewe kama kichuguu, acheni nafasi ya kiganja, gome likikaa na unyevu muda wote linaoza.

Yanayobaki yanaenda kwenye lundo la mboji, na hapa nikiri, lundo langu la kwanza lilinuka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini kimekufa. Nilikuwa nimeweka nyasi mbichi tupu na maganda ya jikoni, zikashikana, hewa ikawa haipiti. Kumbe dawa yake ni hayohayo majani makavu tunayoyachoma, ndoo mbili tatu za kavu kwa ndoo moja ya kibichi, unyevu kama sponji uliyoikamua. Likiwa na mita 1 kila upande linapata joto lenyewe hadi nyuzi 55 na zaidi, ukilichimba asubuhi unaona mvuke, na joto hilo linaua mbegu nyingi za magugu. Unaligeuza na uma au koleo mara kwa mara ili ya pembeni nayo yaingie kati, miezi michache baadae una udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua. Nyama na mimea yenye ugonjwa msiweke.

Kwenye dawa za wadudu sitasema mengi. Makala inasema ukiona mdudu pulizia, mdudu yupi? Wale wekundu wenye madoa meusi mgongoni wanakula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, ukiwaua hao umejiongezea kazi. Na kuna dawa Umoja wa Ulaya ilizipiga marufuku mashambani na bustani za nje mwaka 2018, aina 3 za dawa za wadudu ziitwazo neonikotinoidi, sababu zinadhuru nyuki.

Halafu lile wazo la kumwaga simenti uwanja mzima "kupunguza vumbi". Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwahiyo uwanja wa mita za mraba 40 ukipigwa mvua ya milimita 25 ni lita 1,000 zinazotafuta pa kwenda, na mara nyingi zinaenda kwa jirani wa chini. Mimea inayotambaa inazuia vumbi vilevile na maji yanaingia ardhini.

Ombi langu dogo tu mhariri, mkituma mpiga picha tena kwenye bustani, mwambieni azunguke na nyuma ya nyumba apige picha lundo la mboji, hata kama halipendezi.

Msomaji wenu mwenye reki