Risala ya Umoja wa Wanafunzi Wakristo kwa Mgeni Rasmi, Ibada ya Kuwaaga Wahitimu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mlezi wa Umoja wetu, wachungaji, wazazi na wageni waalikwa, tunawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Somo letu la mwaka huu limekuwa kumtumaini Mungu na kuufuata uongozi wake, kwa kuwa wahitimu tunaowaaga leo wanakabiliwa na maamuzi ya masomo, kazi na ndoa, na ombi linalosikika zaidi katika ibada zetu za jioni ni kwamba Bwana awaonyeshe njia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulikaa muda mrefu katika Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo na wenzake walikatazwa na Roho Mtakatifu kulihubiri neno katika Asia, yaani jimbo la Kirumi lililoitwa hivyo, si bara zima. Walipojaribu kwenda Bithinia hawakupewa ruhusa. Wakateremka hadi Troa, na hakuna mahali tunaposoma kwamba walielezwa sababu. Walitaka kuhubiri Injili, jambo ambalo Bwana mwenyewe aliliagiza, na bado walizuiwa mara mbili kabla ya maono kuja usiku, ya mtu wa Makedonia akimsihi Paulo avuke awasaidie. Hapo tulijifunza kwamba kuzuiwa nako kunaweza kuwa uongozi, na kwamba asiyejua aendako kesho hajaachwa na Mungu kwa sababu hiyo.

Jambo jingine ni rahisi kulipita. Maono aliyaona Paulo peke yake, lakini mstari wa 10 unasema "tuliona hakika", yaani wenzake nao walihusika katika kutambua kwamba wameitwa. Tunalitaja hili kwa sababu miongoni mwetu vijana maneno "Mungu ameniambia" yamekuwa njia ya kufunga mazungumzo: akishayatamka mtu, mzazi hana la kuuliza, na mchungaji anabaki kuombea uamuzi uliokwisha kufanyika. Wapo pia wanaokuja kwenye maombi jioni ya kuamkia siku ya mwisho ya kurudisha fomu za chuo, wakitaka jibu la ndiyo au hapana kabla ya sala ya kufunga, na wakikumbushwa kungoja huitaja ngozi ya kondoo ya Gideoni, ambayo kwayo alimwomba Mungu ishara (Waamuzi 6). Kwa maoni yetu mfano huo hauwasaidii sana, kwani Gideoni alikuwa amekwisha kuambiwa na Mungu la kufanya. Alichoomba kwa ile ngozi ni kutiwa moyo, na Mungu alimvumilia.

Huko Makedonia nako hakukuwa na mteremko. Mwanamke aitwaye Lidia aliamini kando ya mto, nje ya lango la mji wa Filipi, lakini haukupita muda Paulo na mwenzake Sila wakapigwa kwa bakora na kufungwa miguu kwenye mkatale. Hatusomi kwamba walidhani wamepotea njia. Usiku wa manane walikuwa wakiomba na kumwimbia Mungu. Tungependa ndugu zetu wahitimu walikumbuke hilo pale kazi ya kwanza itakapokuwa ngumu, wasikimbilie kusema kwamba hawakuitwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mithali 3:5 inatuonya tusizitegemee akili zetu wenyewe, nasi tunaamini kwamba sehemu ya utii huo ni kuwa tayari kuulizwa maswali na waliotutangulia katika imani. Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata wazee wa kanisa na wanataaluma Wakristo watakaokubali kukutana na wanachama wetu kabla ya muda wa kuchagua masomo, tena wawe watu watakaothubutu kutuambia tusubiri. Tunaomba pia Biblia na vitabu vya kujifunzia Maandiko kwa ajili ya wanachama wapya, kwa kuwa tulivyo navyo havitoshi.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanachama wa Umoja wa Wanafunzi Wakristo.