Mchezaji mkorofi msimfukuze kabla hamjamwendea

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika katika ukurasa huu kuhusu mwenzao anayewavurugia karata kijiweni. Waliomjibu karibu wote walisema neno moja: mfukuzeni. Na mimi ningesema hivyo hivyo, ila mkorofi wetu ni kaka mkubwa wa mume wangu, na mtu kama huyo humtoi sebuleni kwako ukabaki na amani ndani ya nyumba.

Mchezo wetu si wa karata. Kila Jumamosi baada ya Isha tunakaa watano kuizunguka meza, birika la kahawa na kashata pembeni, tunacheza hadithi. Mmoja ni msimulizi, ndiye mimi. Wengine kila mtu ana mhusika wake. Mimi nasema mmefika wapi na mmekuta nini, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na penye shaka dadu inaamua. Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ndio waliotoa mchezo wa namna hii mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, na kanuni zake za msingi zinapatikana bure kwenye intaneti. Mazimwi na mahandaki yao tuliwaachia wenyewe. Hadithi yetu iko Kilwa, mwaka 1331, mwaka aliofika Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, na wahusika wetu wanahangaika kuingia Husuni Kubwa, jumba la kifalme la huko, kuonana na sultani. Mwanzoni hatukuwa hata na dadu ya pande 20. Tuliandika vikaratasi, 1 hadi 20, tukawa tunachomoa kwenye kikombe.

Shemeji ni fundi baiskeli, na hapa Tanga fundi baiskeli halali njaa. Mtu wa watu, mkarimu, hapana ubishi. Lakini akishakaa mezani anakuwa mwingine. Mdogo wangu, kijana wa kidato cha tano asiye na maneno mengi, alitumia wiki nzima kutunga beti sita za kumlainisha mlinzi wa lango, mhusika wake akijifanya mjumbe wa wafanyabiashara wa dhahabu ya Sofala. Jumamosi ikafika. Akaikunjua karatasi, akakohoa, akasoma ubeti wa kwanza. Wa pili hakuufikia.

"Namchoma upanga," shemeji akasema, na dadu ameshairusha.

"Unamchoma nani, shemeji?"

"Huyo mlinzi. Anatuchelewesha."

Dogo akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akachukua kashata. Hakusema kitu mpaka tunaagana.

Halafu kuna hiyo dadu yenyewe. Shemeji huirusha karibu na kifua chake na kuinyakua kabla mtu hajainamisha shingo. "Ishirini!" Yaani namba ya juu kabisa. Usiku ule ilikuwa ishirini mara tatu mfululizo. Mimi nafundisha hisabati, Mhariri. Ishirini mara tatu mfululizo ni bahati ya mara 1 katika 8,000. Sisemi haiwezekani, nasema ningependa kuiona kwa macho yangu.

Sasa nisikilizeni nilivyokosea, maana huko ndiko wengi wetu tunakoteleza. Nilimwonea haya, nikaona nimwadhibu kwa hadithi. Juma lililofuata jini wa mapango ya Amboni akamwibia upanga usingizini (msiniulize jini wa Tanga alifuata nini Kilwa). Juma la pili nikamtumia chui. Kila nilipombana naye alizidi kupamba moto, kwa sababu aliona sasa ndiyo mchezo umenoga: yeye na mimi. Wale watatu wengine wakawa watazamaji, kama watu waliokuja kuamua kesi wakaishia kunywa kahawa. Mume wangu, ambaye hachezi, aligeuka kutoka kwenye mpira wake akatuuliza, "Hivi mnagombania upanga usiokuwepo?"

Nikamwomba akaseme na kaka yake. Akakataa. "Mchezo wako, mdomo wako."

Basi Jumatano, nikitoka shule, nikapitia karakana kwake. Alikuwa ameitundika rimu, anaizungusha polepole na kukaza spoku moja moja. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kreti la soda, nikasema, "Shemeji, nimekuja kwa la Jumamosi." Nikamweleza habari ya beti sita, na kwamba dogo sasa anatafuta visingizio vya kutokuja. La dadu nikalisema pia, kwa sauti ndogo.

Aliendelea kuzungusha rimu kwa muda. Kisha akasema, "Wale umewapa maneno, shemeji. Mimi umenipa upanga. Mkikaa nusu saa mnazungumza na mlinzi, mimi nifanye nini?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli, siku ya kwanza nilimgawia mhusika wake kwa kumtazama mikono: mtu wa nguvu, mpe silaha. Mmoja nilimpa siri, mwingine deni la kulipwa Pangani, dogo nikampa ulimi. Yeye upanga tu, na mwenye upanga akichoka kusubiri ataufanyia nini kingine? La dadu hakulijibu. Alisema tu, "Na wewe toa zako nyuma ya hilo boksi la biskuti." Maana msimulizi nami nina mahali ninapofichia dadu zangu, na mara moja moja, nikiri, nimezisoma vile hadithi ilivyotaka.

Tangu hapo dadu zote zinarushwa kwenye sinia katikati ya meza, zangu zikiwemo, na haguswi mtu wala dadu mpaka wote wameona. Tumekubaliana pia kwamba mwenzio akiwa anasema na mtu ndani ya hadithi, humkati kwa silaha mpaka yeye mwenyewe akuite. Mhusika wa shemeji nimempa mama mgonjwa anayeishi ng'ambo ya pili ya Kilwa Kisiwani, na nahodha anayemdai. Sasa na yeye ana mtu wa kuzungumza naye, na jamani anazungumza! Juzi alibishana na nahodha yule bei ya nauli mpaka kahawa ikapoa.

Sijasema amekuwa malaika. Bado ananisahihisha kanuni ambazo hajazisoma, na ishirini hazijamtokea tena hata mara moja, jambo analolisema kila juma kama vile sinia limerogwa.

Dogo anakuja. Karatasi yake ya beti sita ndiyo haijarudi mezani, na Jumamosi hii wanafika tena kwenye lile lango.

Mwalimu wa Hisabati,
Ngamiani, Tanga