Senene wamefika salama

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili, 8 Desemba

Somo yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wanafunzi wako. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Joto tu. Mvua ya vuli inanyesha alfajiri, ikifika saa nne asubuhi unatota jasho kama vile tone halikudondoka. Nimeshika kalamu kwa sababu ninayotaka kukueleza hayaenei kwenye ujumbe wa simu, na barua najua utaisoma mara mbili.

Senene wamefika. Nilikwenda kuwapokea Alhamisi stendi ya Magufuli. Nilipanda mwendokasi pale Shekilango hadi Kimara, nikaunga na daladala mpaka Mbezi. Basi lilichelewa kwa saa tano, lakini kopo lilikuwa zima na seloteipu yako yote. Sikuweza kungoja nyumbani. Nikalifungua ndani ya daladala wakati wa kurudi, na harufu ilipotoka tu, mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akageuka: "Mwanangu, hao ni senene?" Nikamwambia ndiyo, mama, wamefika leo kutoka Bukoba. Akasema kwao ni Muleba, na msimu huu wa pili unapita hajawaonja. Nikammiminia kiganja kizima. Alikula mmoja mmoja, hakusema neno, macho yakiwa dirishani, mpaka tukafika Kimara. Aliposhuka alinishika mkono, akaniambia, "Mungu amweke aliyekutumia." Basi dua hiyo ni yako, nimeifikisha.

Wenyewe ni watamu, somo. Umewakaanga wakakauka sawasawa, chumvi haikuzidi. Tangu uliponisimulia wanavyowatega usiku kwa taa kali na mabati, senene wanagonga bati wanaserereka hadi ndani ya pipa, kila nikimtafuna mmoja naiona ile taa.

Sasa nikueleze habari za mwenzangu, yule aliyechukua chumba chako. Nilikuwa sijakuandikia juu yake kwa sababu sikuwa na la kuandika. Alihamia Juni, binti wa Jambiani, Zanzibar, anafanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja mjini. Miezi miwili ya mwanzo tuliishi kwa salamu. Umeamkaje, salama, luku imebaki uniti ngapi, basi. Kila mtu na sufuria lake, kila mtu na chumvi yake. Ulipoondoka wewe nyumba iliniwia kubwa, na kuja kwake hakukuipunguza.

Kilichotufungua ni ubuyu. Mwisho wa Agosti alikwenda kwao, akarudi na ubuyu uliopikwa na mama yake, akanikaribisha. Nikaonja, nikamsifia: mzuri, kama ule wa Kariakoo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Dada, huu si kama wa Kariakoo." Nikadhani yameisha. Kesho yake alipotoka kazini akapitia Kariakoo, akanunua pakiti moja, akaweka visahani viwili mezani, akanifunga macho kwa kanga yake. Wa kisahani cha kwanza ulinipiga kwa sukari, nikausubiri uchachu usije. Wa pili ilitangulia iliki, halafu uchachu wa ubuyu wenyewe, ule unaokufanya ukunje shavu moja, na pilipili manga ikaja taratibu nyuma ya koo wakati nimeshameza. Nikanyoosha kidole: "Huu ndio wa kwenu." Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.

Tangu siku hiyo kila Jumapili, akishaswali magharibi, tunaonja kitu. Kitu kigeni kwa mmoja wetu, au kwa wote wawili. Nimetoa daftari moja kwenye yale ninayoandikia vipimo vya wateja, nikalichora safu, alama ni kwa 10. Sharti letu ni kwamba kila mtu aandike alama yake kabla hajasikia ya mwenzake. Wiki nyingine tunanunua pakiti mbili tatu za rafu ile ya mwisho supamaketi, wanakoweka ladha ambazo watu hawazizoei. Lakini Oktoba tulipata neema. Kaka yake ni baharia, meli yao ilipita Japani, akatuletea begi zima.

Humo mlikuwa na KitKat, zile biskuti za chokoleti, lakini za kijani, za matcha, chai ya unga ya Kijapani. Wenzetu Japani wametoa ladha zaidi ya 300 za KitKat, na huwapa wanafunzi wanaokwenda kwenye mtihani, maana jina lenyewe masikioni mwao linakaribia kitto katsu, yaani hakika utashinda. Nikakukumbuka na Kidato cha Nne chako, natumaini waliufanya vizuri mwezi uliopita. Mimi nilipoonja nilikuta majani: ule uchungu wa chai iliyosahaulika jikoni, umefunikwa na maziwa. Nikaandika 4. Yeye akaandika 8. Nilimuuliza, umeonja nini humu? Akafumba macho, akasema mchaichai usio na sukari, bibi yake akimpa barazani akitoka chuoni. Nami nikaelewa. Ulimi ukikutana na kitu kipya, kwanza huenda kukitafuta kwao. Usipokikuta huko, unakiita kibaya. Nimeirudia ile 4 yangu, sikuifuta, lakini sasa naisoma kama habari zangu mimi, si za KitKat.

Njegere za wasabi zilitutoa machozi wote wawili. Wewe ni mwalimu wa Baiolojia, utanisahihisha, ila nilisoma nikaelewa hivi: ukali wa pilipili, ile kapsaisini, unagusa mishipa ya fahamu inayotambua moto, nao haukubaliani na maji, ndiyo sababu maziwa yanakusaidia na glasi ya maji haikusaidii. Wasabi ni jamii ya haradali na kabichi. Ukali wake ni mvuke, unapanda puani, unakuchoma kati ya macho, halafu mara umekwisha. Mwenzangu alikunywa maziwa yote ya friji bure.

Hapo ndipo tulipojaribu la pua. Tulinunua pipi za embe na za stroberi kwa Mangi, tukafunga macho, tukabana pua. Somo, ni sukari tupu! Hakuna embe, hakuna stroberi, kuna utamu na uchachu kidogo basi. Halafu ukiachia pua pipi ikiwa bado mdomoni, embe linafunuka kama mtu amefungua dirisha. Nilirudia mara nne. Wafanyie wanafunzi wako, pipi hazizidi bei ya chaki, hawatakaa walisahau somo la kunusa.

Niliendelea kusoma usiku huo. Kumbe krispi zamani zilikuwa na chumvi tu, na huko Uingereza kampuni ya Smith's ilikuwa ikikutilia chumvi yenyewe ndani ya kikaratasi cha buluu, unyunyize mwenyewe. Aliyetia krispi ladha ya jibini na kitunguu ni Joe Murphy wa Dublin, kwenye kampuni yake ya Tayto aliyoianzisha mwaka 1954. Na mwaka 2008 kampuni ya Walkers ya Uingereza iliwauliza wateja wake wanataka ladha gani mpya, ikachagua sita ikaziweka madukani mwaka 2009 watu wapige kura. Moja ilikuwa ya kindi na viungo vya Cajun, vya kusini mwa Marekani, ingawa humo hamkuwa na kindi hata unywele. Iliyoshinda ni kifungua kinywa cha mafundi ujenzi: mayai, nyama, mkate.

Nilipomsomea hayo mwenzangu tulikaa mpaka saa sita usiku tunataja za kwetu. Yeye akataja urojo. Mimi nikataja mihogo ya Coco Beach, ile iliyopasuliwa katikati, ikapakwa pilipili na ndimu. Akataja pweza wa kuchoma. Nikataja embe bichi lenye chumvi na pilipili, ulilokuwa unanikatia chini ya dawati kule bwenini Iringa wakati wa prepo, tena kwa wembe wa kuchongea penseli! Sote wawili tulishangaa kitu kimoja. Tangu utoto tunakula paketi zilizoandikwa paprika na krimu chachu, vitu ambavyo mimi sijapata kuviona vikiwa vyenyewe, na ladha tunazozijua mpaka mfupani hazijapewa paketi. Inaniuma, nakwambia kweli. Mtoto wa Tandale anastahili kusoma "ubuyu" kwenye mfuko wa krispi na kujua kabla hajaonja.

Basi tumeanza wenyewe. Nilinunua viazi vya Njombe gengeni, tukavikata kwa kisu vyembamba kadiri mikono inavyoweza, tukaviloweka maji kutoa wanga, tukavikausha kwa taulo safi moja baada ya kingine. Ukivitia mafutani na maji yake vinarusha mafuta na vinakauka vibaya. Mara ya kwanza tulichagua ukwaju. Tuliuchemsha ukawa mzito, tukaupaka, na ndani ya dakika tano krispi zote zilikuwa zimelegea kama karatasi iliyoangukia dimbwini. Ladha ilikuwepo, ila mlio haukuwepo, na krispi isiyolia mdomoni ulimi unaikataa. Tena lilishapimwa: mwaka 2004 watafiti wa Oxford, Zampini na Spence, waliwapa watu krispi zilezile huku wakibadilisha mlio wanaousikia kwenye spika za masikioni, na mlio ulipoongezwa walisema hizo ndizo zilizokauka vizuri. Nikajua hapo kwa nini viwandani uchachu unatiwa kama unga.

Sasa unga wa kutia tunao nchini mwetu, tena haukuhitaji kiwanda kuukausha. Ubuyu unakauka wenyewe ndani ya kifuu chake. Jana tulitwanga unga wa ubuyu na chumvi, sukari kidogo mno, pilipili manga na punje tatu za iliki, tukauchekecha kwa kitambaa cha shifoni kilichobaki kwenye gauni la mteja. Krispi zilipotoka mafutani tukazitia kwenye sufuria kavu, tukanyunyiza zikiwa bado za moto, tukafunika, tukatikisa. Unga ukashika. Zikalia. Uchachu ukaja baada ya chumvi, na iliki mwisho kabisa, kama salamu ya mtu aliyekwisha kupita. Niliandika 9. Nikageuza daftari, naye ameandika 9. Ni mara ya kwanza alama zetu kulingana tangu tuanze.

Leo ilikuwa zamu ya senene. Aliwatazama kwa muda mrefu, nami sikumsukuma, maana siku ya kwanza alipoleta papa mkavu mimi nilitoka nje nikakaa uani mpaka alipomaliza kupika. Akampigia simu baba yake Jambiani. Mzee akamwambia hao ni jamii ya nzige, na nzige ni halali, kula mwanangu. Akala. Alitafuna polepole, akasema ngozi ya kuku iliyokaangwa ikakauka, kisha karanga mwishoni. Aliandika 6. Baadaye wakati ninaosha vyombo nikasikia kopo likifunguliwa tena, na nilipogeuka alikuwa anafuta 6 anaandika 8. Kahawa ya kutafuna uliyoweka chini ya kopo hatujaigusa, hiyo ni ya Jumapili ijayo.

Mengine huku ni yaleyale. Nina sare 46 za shule za kumaliza kabla ya Januari na cherehani imeanza kukata uzi. Mwembe wa uani umezaa mwaka huu kuliko mwaka wowote, dodo zinadondoka usiku juu ya bati tunashtuka usingizini, na mama mwenye nyumba anatugawia ndoo kila asubuhi. Anakusalimu sana, bado anakuita "mwalimu wangu". Kochi lako nimelihamishia dirishani. Jikoni tumepunguza vyombo, chumvi siku hizi ni moja.

Pamoja na barua hii nakutumia kopo lako lilelile, nimelirudisha limejaa krispi za ubuyu. Nimezifunga kwa nailoni mara mbili, lakini hewa ya ziwa ni ya unyevu, kwa hiyo usizihifadhi, uzile siku hiyohiyo zitakapofika. Daftari nimelichora safu ya tatu tangu Septemba, juu yake nimeandika Somo, na mpaka leo iko wazi. Nitumie alama yako. Uiandike kwanza kwenye karatasi kabla hujarudi kusoma zetu hapo juu, maana najua utataka kuchungulia, na kama ni 3 niandikie 3 na unieleze umeonja nini.

Wasalimie wote wanaoniulizia.

Ni mimi somo yako,
akupendaye daima.