Mizimu ya Waskoti ina kiingilio, ya Mikindani mnaicheka

Ndugu Mhariri,

Kuna kijana aliandika humu gazetini akitucheka watu wa kusini kwamba mpaka leo tunaogopa mibuyu. Mjukuu wangu alinisomea huku nikigeuza vitumbua, na kimoja kikaniungulia. Naomba nafasi nijibu.

Mimi nauza chai Mikindani, chini ya lile Boma la Mjerumani ambalo siku hizi ni hoteli. Juzijuzi alishuka bibi mmoja wa Kiskoti, mwalimu mstaafu kutoka Edinburgh, mjukuu akawa mkalimani wetu. Nikamwuliza, je, kwenu kuna mashetani? Wee! Alizungumza mpaka chai ikapoa, nikambadilishia bure.

Kwao kuna makaburi yanaitwa Greyfriars. Mwaka 1679 wafungwa waliokataa mfalme aingilie kanisa lao walirundikwa pembeni ya makaburi hayo, nje, hawana paa, baridi ya Uskoti ikiwatafuna. Aliyekuwa akiwashtaki wenzao ni mwanasheria wa mfalme, George Mackenzie. Naye alipokufa mwaka 1691 wakamzika papo hapo, hatua chache kutoka walipoteseka wale. Mshtaki na washtakiwa uwanja mmoja! Atatulia vipi? Watu hulipa kiingilio wapelekwe usiku, mwenye ufunguo afungue geti, na wengine hutoka wakisema wamekwaruzwa shingoni.

Tena chini ya jengo la halmashauri ya mji wao kuna kichochoro cha kale, Mary King's Close, na chumba ambamo wageni huacha midoli kwa ajili ya mzimu wa mtoto wa kike. Midoli! Sisi tukiweka unga na kitambaa chekundu kwenye shina la mbuyu tunaitwa washamba.

Mwandishi wenu asidhani nasema kila kitu ni kweli. Bundi akilia mimi nalala zangu. Ila nikipita penye mbuyu alfajiri na beseni kichwani bado nasema, "Hodi wenyewe, twapita," kama alivyonifundisha bibi mzaa mama. Hainigharimu kitu.

Bibi huyohuyo alikuwa akiweka kata ya maji nyuma ya ukuta mmoja wa mawe, karibu na jengo tunaloliita soko la watumwa. Alisema usiku kuna mtu hapo huomba maji kwa Kiyao: "Mesi, mesi." Hakuna mnyororo unaolia wala mwanamke wa miguu ya punda. Ni mtu ana kiu tu. Misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishukia pwani hii, kwa hiyo nilipokua nikamwelewa bibi.

Vijana wanaotembeza wageni hawalisemi hilo hata kidogo. Wanawapeleka moja kwa moja kwenye habari za Livingstone, kwamba alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Naye alikuwa Mskoti! Moyo wake ulizikwa huko Chitambo, Zambia ya leo, alikofia, mwili ukabebwa na watumishi wake akina Chuma na Susi hadi Bagamoyo, ukaishia London. Mtu aliyegawanywa hivyo, kwa hesabu za bibi yangu, angekuwa amekwisha kurudi kutusumbua zamani.

Yule mwalimu aliponiuliza anayeomba maji anaitwa nani, nilikosa la kumjibu. Mackenzie jina lake linajulikana miaka zaidi ya 300. Wetu hana hata la kubuni.

Basi wasomaji wa Lindi, Kilwa Kivinje, Sudi, kama kwenu kuna mzee aliyesikia habari ya mtu wa mesi, au inayofanana nayo, iandikeni humu kabla mzee hajaondoka nayo. Au mje mnieleze mwenyewe. Nafungua saa kumi na mbili asubuhi, na vitumbua vikiisha narudi zangu nyumbani.

Mama Vitumbua,
Mikindani, Mtwara