Shomoro wa Java hakujileta mjini

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu ndege wa kigeni waliozagaa mijini imeniuma, hasa pale mlipowaita wote "wavamizi" na kupendekeza waangamizwe kwa sumu. Ninamsemea mmoja wao, shomoro wa Java. Huyu hakuvamia popote. Aliletwa ndani ya tundu, akanunuliwa, kisha akatoroka au akafunguliwa mlango na mtu aliyechoka kumlisha. Leo makundi yake yanaishi huru San Juan huko Puerto Rico, na Honolulu, ambako yameota mizizi tangu miaka ya 1960.

Asili yake ni visiwa vya Java na Bali nchini Indonesia. Kilichomponza ni sura yake: mwili wa kijivu, kichwa cheusi, mashavu meupe pe, mdomo mnene wenye wekundu wa waridi, na duara jekundu kuzunguka jicho. Ndege wa namna hiyo hakosi mnunuzi.

Ninao jirani hao kwa mwaka wa tatu sasa, chini ya vigae vya jengo ninamofanyia kazi. Asubuhi dume hutua ukingoni mwa mfereji wa maji ya mvua, akainama, akaanza kurukaruka palepale mbele ya jike huku akiimba. Katikati ya wimbo husikika tak, tak, tak. Siku za mwanzo nilidhani ni bati linalogongwa na upepo. Kumbe ni yeye, anagonganisha mdomo wake, na watafiti waliochunguza nyimbo za ndege hawa wameonyesha kuwa milio hiyo haitoki ovyo. Imepangwa ndani ya wimbo, kama mpiga ngoma anavyojua pa kuingilia. Mchana hushuka uwanjani, mmoja akakaa juu ya bua la nyasi mpaka likapinda hadi chini, akamaliza mbegu zote ndipo akahamia jingine.

Makala yenu haikugusa kabisa hali ya ndege huyu kwao. Huko anatoweka. Zamani alitua mashambani kwa makundi makubwa, na jina lake la kisayansi lenyewe, oryzivora, maana yake ni mla mpunga. Wakulima walimwona adui, lakini waliommaliza zaidi ni wategaji wa ndege wa kufuga. Tangu 1997 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES, na shirika la uhifadhi la IUCN limemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kumtilia sumu mjini ndege ambaye kwao anatafutwa kwa tochi ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Sisemi aachwe tu. Palipo na mashamba ya mpunga karibu na mji, hofu ya mkulima ni ya haki. Tena hutaga katika matundu ya miti na ya kuta, kwa hiyo huenda akawanyang'anya makazi ndege wenyeji wanaotegemea matundu hayohayo. Wala sidai kwamba kundi la mjini linaweza kuziba pengo la Java. Wengi wametokana na vizazi vya kufugwa, na mara nyingine utaona mmoja mweupe mwili mzima, alama ya kuzalishwa na mkono wa mtu. Ila hayo yote yanataka kuhesabiwa kwanza: wako wangapi, wanalala wapi, wanakula nini, wamemfukuza nani. Sumu haichagui, na nafaka iliyotiwa dawa italiwa na kila mwenye mdomo.

Na kama kuna wa kubanwa, abanwe anayeuza ndege bila kumweleza mnunuzi kwamba hafai kuachiwa nje hata siku moja. Hilo mngeliandika, mngekuwa mmewasaidia ndege wenyeji pia.

Mafundi wanakuja kuziba nafasi za chini ya vigae katika jengo letu. Jana nilisikia makinda wakilia humo ndani. Nimemwomba msimamizi asogeze kazi hiyo wiki chache ili waruke kwanza, naye amekubali.

Msomaji wenu wa siku nyingi