Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: hii eksesi ya pikipiki tuandikieni kwa shilingi

Mheshimiwa Kamishna wa Bima,

Salamu kutoka Malindi. Mimi ni mweka hazina wa chama cha boda, steji yetu iko upande wa Maweni, na kazi yangu kubwa hata si pesa, ni makaratasi, manake mtu akipata shida barabarani kila kitu huletwa kwangu, logibuku, abstrakti ya polisi, risiti za gereji, na ile mikataba ya bima ambayo mwenyewe hajawahi kuifungua tangu atumiwe kwa simu. Sasa nimeisoma mingi. Nakuandikia juu ya kitu kimoja tu kilichomo ndani yake, nacho ni eksesi, ile sehemu ya hasara ambayo mwenye pikipiki anajibebea mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata senti, kwa sababu hiyo ndiyo inaamua kama bima uliyonunua ni bima kweli ama ni karatasi ya kumuonyesha askari wa trafiki.

Haya ya mwanzo wewe unayajua kuliko mimi lakini barua itasomwa na vijana wangu pia kwa hivyo nivumilie. Thadi pati ndiyo sheria, Sura ya 405, bila hiyo huingii barabarani, na sisi tunaobeba watu kwa malipo lazima iwe ya PSV inayomshika na abiria wa nyuma, sio ile ya kibinafsi ambayo ajenti mwingine atakuuzia kwa sababu ni rahisi kidogo halafu siku abiria akivunjika mguu unaambiwa pikipiki ilikuwa ikifanya kazi ambayo haikukatiwa bima. Thadi pati inamlipa uliyemgonga na mali yake, wewe na pikipiki yako mtajijua. Juu yake kuna thadi pati pamoja na moto na wizi. Juu kabisa ndiyo kompre, inaongeza na ajali yako mwenyewe. Na mwili wa dereva, hapa wengi hushtuka, hata hiyo kompre haiugusi mpaka uongezee bima ya ajali binafsi, la sivyo ukivunjika mkono ni wewe na SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, na jamaa zako.

Sasa tuchukue mkataba mmoja, kampuni sitaitaja na wala si lazima, inafanana na wenzake. Pikipiki imeandikwa thamani ya 160,000. Ukurasa wa kwanza una jina, namba ya usajili, tarehe, kiasi cha kulipa. Ukigeuza geuza huko ndani, maandishi madogo na Kiingereza cha mahakamani, ndiyo unakuta eksesi ya ajali ni asilimia 10 ya thamani ya pikipiki na isipungue 15,000, na eksesi ya wizi ni asilimia 20. Piga hesabu. Ajali, 16,000 zako kwanza. Wizi, 32,000 zako kwanza.

Nikueleze 16,000 ni nini hapa kwetu. Kijana wetu mmoja alikuwa anatoka Gede usiku akakwepa mbuzi pale Msabaha akaingia mtaroni, yeye alichubuka tu alhamdulillahi lakini pikipiki ikaumia, shokomzoba za mbele zimepinda, taa kubwa imekwenda, hendeli imekaa upande, madigadi imepasuka na tangi limebonyea. Fundi akaandika vipuri vyote pamoja na mkono wake ikaja 13,500. Kijana ana kompre, amefurahi, anasema bima italipa. Nikampigia ajenti.

"Mama, hiyo mbona haifiki eksesi," akanambia.

"Mwanangu, na ajali gani ya pikipiki ndiyo inafika?"

Akacheka, akasema labda igongwe na lori.

Na kweli, ukiniuliza mimi ninayeziona risiti, ajali nyingi za boda ni za namna hiyo, kuteleza kwenye mchanga, kugusana na tuktuk sokoni, kuingia shimo, na matengenezo yake yanaishia hapo hapo chini ya eksesi. Kwa hivyo huyu kijana alilipia ngazi ya juu kabisa, lakini kwa ajali zinazompata kila siku yuko sawasawa na yule mwenye thadi pati peke yake. Tofauti yao inaonekana siku pikipiki ikiharibika yote ama ikiibiwa. Basi! Na kama ni hivyo si angeuziwa ile ya katikati, ya moto na wizi, akaokoa pesa? Ajenti wengi huku hawaitaji kabisa hiyo, ukiuliza kuhusu pikipiki ya PSV unaambiwa iko thadi pati na iko kompre, chagua.

Kuna jambo lingine ambalo lilinichukua muda kuliona. Ile "isipungue 15,000" haizeeki, lakini pikipiki inazeeka, tena huku kwetu na chumvi hii ya bahari inazeeka mbio. Mwaka wa kwanza pikipiki ni ya 160,000 na eksesi ni 16,000, sawa, ni sehemu moja ya kumi. Ikishuka ikawa ya 90,000, asilimia 10 yake ni 9,000, lakini wewe unatozwa 15,000 ile ile, sehemu moja ya sita ya chombo chako. Kadiri mtu anavyokuwa na chombo duni ndivyo anavyobebeshwa zaidi. Mimi nadhani, na unisahihishe kama sivyo, hivi viwango vya chini vilifikiriwa na mtu mwenye gari kichwani, kwa gari la milioni moja na nusu, elfu kumi na tano ni kitu kidogo, vikaletwa kwenye pikipiki bila kupimwa upya.

Na wizi ndio mbaya zaidi kwa sababu hapo ndipo tunaihitaji bima kwelikweli. Pikipiki nyingi hapa Malindi ni za mkopo, unalipa kidogo kidogo kila siku, na mkopeshaji anataka kompre, hataki mjadala, bima inaingizwa ndani ya deni na kampuni anaichagua yeye. Haya, tuseme imeibiwa baada ya mwaka, pale nje ya nyumba Kisumu Ndogo. Ulikata bima ya 160,000 na primiamu, yaani ada ya bima, ulilipa kwa hesabu ya hiyo 160,000, lakini kampuni inalipa bei ya soko ya siku ilipoibiwa, wamesema ni 120,000. Toa eksesi ya asilimia 20, ni 24,000. Zimebaki 96,000. Mkopeshaji ndiye wa kwanza kulipwa, deni lililobaki tuseme 70,000, amechukua. Kijana anapewa 26,000. Amelipa amana, amelipa kila siku mwaka mzima, jua na mvua, na sasa hana pikipiki na 26,000 haifiki hata amana ya nyingine pamoja na gharama zake. Na hapo tumesema deni ni 70,000 tu, lingekuwa 100,000 hizo 96,000 zingeisha zote na yeye angebaki anadaiwa pikipiki iliyoko kwa mwizi.

Nisieleweke vibaya, sisemi eksesi iondolewe. Bila hiyo kila saidi mira iliyovunjika ingekuwa klemu na primiamu ingepanda mpaka hakuna ambaye angeweza kulipa. Na tuseme ukweli, wapo wenzetu wanauza pikipiki vipuri kwa vipuri halafu wanakimbilia kituoni asubuhi kulia wameibiwa, tunawajua, na hao ndio wanaotuharibia, kampuni ikishaumwa mara mbili tatu inatuwekea asilimia 20 sote. Hilo nalielewa. Traka nayo, kile kifaa cha kuonyesha pikipiki iko wapi, nasikia inapunguza eksesi ya wizi kwa kampuni nyingine, vizuri, lakini pikipiki za mkopo nyingi tayari zina traka ya mkopeshaji, anaitumia kuizima ukichelewa kulipa, je hiyo inahesabiwa kwenye eksesi? Katika mikataba niliyoiona mimi sikuona mahali imeandikwa hivyo. Mwenye pikipiki anabeba gharama ya traka na anabeba eksesi ya asiye na traka.

Kinachonikera zaidi ni hii. Kwenye hiyo karatasi ya malipo kuna ushuru wa mafunzo asilimia 0.2, kuna Mfuko wa Fidia kwa wenye bima asilimia 0.25, kuna stempu shilingi 40. Vyote vimeandikwa wazi, kila kimoja na mstari wake, mpaka senti. Shilingi 40 ina mstari wake ukurasa wa mbele na shilingi 32,000 imefichwa ndani kwa asilimia ya kitu ambacho thamani yake kampuni itaiamua baadaye! Hapo jameni hata mtu aliyesoma atapotea. Katiba Kifungu cha 46 inasema mnunuzi ana haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike na alichonunua, na Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Sidhani ninaomba makubwa nikisema ukurasa wa mbele uandikwe kwa Kiswahili: ukipata ajali utajilipia shilingi kadha wa kadha, ikiibiwa utakatwa shilingi kadha wa kadha, na bei tutakayokulipa ni ya soko sio hii uliyoandikisha. Mistari mitatu. Na ije kabla ya kulipa, sio baada, kwa sababu sheria yenu wenyewe inasema hakuna bima mpaka primiamu ilipwe, na kampuni ikishapokea pesa kwa M-Pesa nani atarudi nyuma kubishana.

Vijana huniuliza, mama tukate ipi? Namjibu kila mmoja kivyake. Kama deni limeisha na pikipiki ni kuukuu namwambia achukue thadi pati ya PSV iliyo sahihi, aongeze ajali binafsi akiweza, na ile tofauti ya kompre aiweke kwenye chama. Tuseme tofauti ni 10,000 kwa mwaka, miaka miwili bila ajali ana 20,000 zake, hiyo ya Msabaha angeilipa na chenji ikabaki, bila asesa wa kuja kukadiria hasara, bila kungoja zile siku 90 ambazo sheria inawapa kampuni kulipa klemu na yeye wakati huo hana kazi. Akiwa na pikipiki mpya na hana pa kuilaza ndani, hapo chama hakitoshi, hatuwezi kumnunulia mtu pikipiki nzima, anahitaji bima ya wizi na mimi mwenyewe namsukuma aikate. Lakini ushauri wote huo unategemea eksesi ni ngapi, ikiwa asilimia 10 ni jibu moja na ikiwa asilimia 20 ni jibu lingine, na mara nyingi mimi naijua baada ya ajali, wakati hakuna tena cha kuchagua.

Kwa hivyo mbali na hiyo mistari mitatu nakuomba uangalie kiwango cha chini cha eksesi ya pikipiki kiwe kinashuka pamoja na thamani yake kila mkataba unapofanywa upya, hata kama asilimia itabaki ile ile. Uwaulize kampuni kwa nini ile bima ya katikati haiuzwi kwa boda, kama sababu ipo tuambiwe. Na hawa wakopeshaji, mtu anayelipia bima apewe nakala ya mkataba wake siku hiyo hiyo, mimi nimewahi kungoja wiki kadhaa kupata nakala moja na pikipiki ilikuwa tayari imeshaibiwa, na aruhusiwe kuleta bima ya kampuni nyingine ikiwa inatimiza masharti. Najua wakopeshaji wengine hawako chini yako, lakini kampuni za bima wanazotumia ziko chini yako zote.

Ukituma maafisa wako Pwani kuja kutufundisha, na tungefurahi, wasije mwezi wa Disemba wala Januari, wakati huo wageni wako Casuarina na Watamu na hakuna kijana atakayeacha abiria akae kwenye mkutano. Waje mwezi wa tano ama wa sita, hoteli nyingi zimefungwa, mvua iko, steji imejaa watu hawana kazi, na huo pia ndio wakati bima za wengi huwashinda kulipa kwa hivyo maswali watayapata. Waje na mkataba halisi wa pikipiki, mmoja tu, tuusome wote ukurasa kwa ukurasa.

Nakala za mikataba niliyoitaja ninazo, nimefuta majina ya wenyewe na namba za usajili. Ukizitaka nijulishe nizitume vipi.

Wako,
Mweka hazina, chama cha boda, Maweni, Malindi